Abiria Wangu

Pikipiki nilijifunzia Morogoro, kijiweni, kabla sijajua kazi nyingine yoyote. Niliendesha bodaboda ya mtu. Jioni napeleka hesabu kwa mwenye chombo, kinachobaki ndicho changu. Jambo la kwanza nililofundishwa na wakubwa pale kijiweni lilimhusu abiria: akikugusa bega, unasimama. Huulizi sababu kwanza. Huenda kitenge chake kinaelekea kwenye mnyororo, huenda mtoto anateleza mgongoni mwake, huenda anaogopa tu. Unasimama. Nililishika neno hilo kwa uaminifu kwa watu nisiowajua, kwa nauli ndogo. Nalisema mapema, ndugu msomaji, ili ujue kwamba niliyoyafanya baadaye sikuyafanya kwa kutojua.

Miaka ikapita, Mungu akanifungulia njia, nikafika Ujerumani na kupata kazi ya ghalani karibu na Stuttgart. Mke wangu akanifuata na watoto. Yeye anahudumia watu katika nyumba ya wazee, kazi inayochosha mwili na kuumiza moyo, maana unaowazoea wanaondoka mmoja baada ya mwingine. Leseni yangu ya nyumbani haikunifikisha mbali huku. Ilinibidi nifanye upya mtihani wa sheria na wa barabarani. Nilipofaulu nikanunua pikipiki kubwa iliyotumika, yenye masanduku ya mizigo pembeni na nyuma. Tukaweka akiba, watoto tukawaacha kwa shangazi yao, na likizo ya kiangazi tukasema tutaizunguka milima ya Alps, sisi wawili.

Ninaposema tulisema, ukweli ni kwamba nilisema mimi. Mke wangu aliomba kitu kimoja: tukae kidogo Bellagio, mji ulio kando ya Ziwa Como kule Italia. Kuna bibi aliyemhudumia mpaka siku yake ya mwisho ambaye fungate yake ilikuwa huko, na alikuwa akimsimulia habari za mji ule. Nikamjibu, "Tutaona, mama."

Mimi nilikuwa na orodha. Waendesha pikipiki wa Ulaya hupenda vipito vya milima, barabara zinazopanda upande mmoja wa mlima na kushukia upande wa pili, na juu kabisa huuzwa stika yenye jina la mahali na kimo chake. Nilizitaka stika hizo kwenye masanduku yangu ili watu wa kazini wazione. Ya kwanza ilikuwa ya barabara ya Großglockner nchini Austria, iliyofunguliwa mwaka 1935 na kupanda hadi zaidi ya mita 2,500. Ikafuata ya Pordoi katika milima ya Dolomiti. Kisha Stelvio, mita 2,757, kazi ya mhandisi Carlo Donegani iliyokamilika mwaka 1825. Ukipandia upande wa Prato unakutana na kona 48 za kujikunja, kila moja ina namba yake kwenye kibao. Halafu St. Bernard Mkuu, mpakani mwa Italia na Uswisi. Mwisho Ufaransa, kwenye Col de l'Iseran, mita 2,764, kipito cha lami kilicho juu kuliko vyote katika Alps. Hicho ndicho nilichokiwaza usiku na mchana.

Katika helmeti zetu nilikuwa nimefunga vifaa vya kuzungumzia ili tusikilizane safarini. Siku ya kwanza ya milima mke wangu alizungumza kwa furaha. Baba, tazama ule mto. Baba, ona theluji, na huu ni mwezi wa saba! Baadaye: Baba, punguza kidogo, tafadhali. Sauti yake ilinikera. Ilinitoa kwenye kona zangu. Tulipofika Dolomiti nikapeleka kidole kwenye kitufe nikazima, na tuliposimama kujaza mafuta nikamwambia kifaa changu kimeisha chaji. Usiku nilikichaji. Asubuhi kikaisha tena.

Yeye alinyamaza, akaanza kutumia bega. Alikuwa akinigusa bega la kushoto, kwa upole, kama abiria wa Morogoro. Mimi nikawa nanyoosha kidole mbele, maana yake tunaendelea. Huku Ulaya waendesha pikipiki wakipishana husalimiana kwa kuteremsha mkono wa kushoto. Ni desturi nzuri, inamfanya mgeni ajione ndugu. Niliwasalimu watu wengi sana kwa mkono ule, nikijisikia mtu mwema, na bega la mkono huohuo lilikuwa linaguswa na mke wangu nami sigeuki.

Sikuwahi kufikiri hali ya anayekaa nyuma. Dereva anaiona kona kabla haijafika, anajiandaa, anaulaza mwili kwa kupenda. Wa nyuma anashtukia tayari amelala. Mbele kuna kioo cha kukata upepo, na mikono inafanya kazi, damu inatembea. Nyuma upepo unazunguka kutoka kila upande, na mtu ametulia tuli saa baada ya saa. Haya yote mwendesha bodaboda anayajua. Nilikuwa nayajua.

Tuliteremka kutoka Stelvio tukafuata ukingo wa mashariki wa Ziwa Como. Pale Varenna kuna kivuko kinachobeba magari na pikipiki kwenda Bellagio. Kibao tulikiona wote wawili. Akanigusa bega. Nikanyoosha kidole mbele.

Tulifika mji wa Aosta kukiwa na joto, tukawa tumevua vitambaa vya ndani vya jaketi. Aosta iko chini ya mita 600. Kipito cha St. Bernard Mkuu kiko mita 2,469. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa nyuzi sita hivi, kwa hiyo hata bila mvua tulikuwa tunakwenda kwenye baridi nyingine kabisa. Na mvua ikaanza. Njiani kuna mahali barabara inagawanyika: moja inaingia kwenye handaki lililofunguliwa mwaka 1964 na kukutokeza Uswisi ukiwa umekingwa na mvua, nyingine ni ya zamani, inapanda juu wazi. Akanigusa bega. Akanigusa tena, safari hii kwa nguvu. Handakini hakuna stika. Nikashika ya juu.

Mvua iligeuka barafu iliyolowana. Nilipozima injini kule juu, mke wangu hakushuka. Nilimwita. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwenye mshipi wa jaketi langu, na alipojaribu kusema, maneno yalitoka mazito kama ya mtu anayesinzia. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilimbeba.

Kule juu kuna nyumba ya wageni ya watawa. Mtakatifu Bernard, shemasi mkuu wa Aosta, aliianzisha karibu mwaka 1050 kwa ajili ya wasafiri waliokuwa wakifa kwa baridi na kuporwa na wanyang'anyi, na tangu wakati huo wanaotunza nyumba ile wanapokea watu, kiangazi na kipupwe. Mbwa wakubwa maarufu walipata jina lao hapo. Mimi habari hizo sikuzijua. Niliusukuma tu mlango uliokuwa mbele yangu, ukafunguka. Mama mmoja wa makamo alimwona mke wangu, akamchukua bila kuniuliza jina, dini wala pesa. Wakamvua nguo zilizolowa, wakamfunika mablanketi, wakampa chai yenye sukari kidogo kidogo. Mimi pia wakanipa kikombe. Nilikishika mkononi nikashindwa kunywa. Kwa karibu miaka elfu moja nyumba ile imesimama pale ili mtu akifika amechoka asimamishwe na kupewa joto, na mimi nilikuwa nimempita kila mahali mtu niliyeapa kumtunza.

Jioni alipopata nguvu nilikaa kando ya kitanda. Nikaanza kueleza habari ya mvua. Akaniambia, "Baba, betri yako haikuisha hata siku moja. Kile kifaa kikiwa kinachaji usiku taa yake inageuka kijani kuonyesha kimejaa. Mimi ndiye niliyekuwa nakichomoa asubuhi." Nikamuuliza kwa nini hakusema. "Nilisubiri useme mwenyewe." Nililia, na sikujificha. Akanishika kichwa akasema, "Nilishakusamehe kabla hatujafika huku. Nilitaka tu usimame."

Msamaha ule sikuustahili na sikuuomba. Ulikuwa umeshatolewa huku mimi nikiwa bado nanyoosha kidole mbele. Nimesikia mahubiri mengi juu ya neema tangu utotoni, lakini usiku ule ndipo nilipoielewa.

Iseran sijafika mpaka leo. Tuligeuza, tukashuka Aosta jua likiwaka, tukarudi Como na kupanda kivuko. Kule Bellagio alinisimulia habari za yule bibi, na nikagundua kwamba alishaanza kunisimulia nyumbani mara nyingi, wakati wa chakula cha jioni, nami nikiwa nimezima bila kitufe. Hilo lilinichoma kuliko la mlimani. Alikuwa amemfumba macho mtu aliyempenda, akarudi nyumbani, na mumewe akamuuliza mchuzi uko wapi.

Nisikudanganye kwamba nilibadilika mara moja. Tukirudi kupitia kipito cha Splügen, kona zake nyembamba kama ngazi za mnara, alinigusa bega na nikasikia hasira ikipanda kabla mguu haujafika kwenye breki. Nilisimama, lakini hasira ilikuwepo. Hata sasa nyumbani, siku nikitoka zamu ya usiku, huwa namwona anasema na simsikii, ndipo namwomba aanze upya. Huanza upya. Wakati mwingine ananitazama kwanza.

Ndugu yangu, inawezekana huna pikipiki na Alps huzijui. Inawezekana unamsikia mwenzako akisema jikoni wakati unasoma haya. Nenda kamsikilize, maneno yangu yatakungoja.

Kiangazi hiki njia ameichagua yeye. Anataka twende Slovenia, kwenye barabara ya Vršič, iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kirusi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Machi 1916 poromoko la theluji liliwaua wengi wao, na wenzao wakajenga kanisa dogo la mbao kando ya barabara kuwakumbuka. Anataka kulala karibu na hapo, atembee kwa miguu hadi kanisani, na tusiwe na haraka ya kuondoka. Nimeshaweka nafasi ya chumba, na vitambaa vya ndani vya jaketi safari hii havitoki.