Sufuria Moja kwa Nyumba Nzima: Tulivyopunguza Mafuta kwa Ajili ya Binti Yetu



Kazi yetu mnaijua, tunashona. Magauni ya harusi, mabuibui, na ikikaribia Idd nguo za watoto mpaka usiku wa manane. Katika chumba chetu cha kazi vipimo hutajwa kwa sauti. Mwenye futi anataja namba, mwanafunzi anaandika kwenye daftari: kifua 34, kiuno 28, urefu 56. Miaka yote hiyo hatukuwahi kufikiri kuwa namba ikitajwa mbele za watu inaweza kumuumiza mtu.

Mwaka jana, katika kumi la mwisho la Ramadhani, tulimwita binti yetu tumpime gauni la Idd. Alikuwa na miaka 9. Futi ilipomzunguka tumboni alivuta pumzi akalibana tumbo, akatazama kule walikokaa wasichana wa kazi, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Mama, usiitaje. Andika mwenyewe."

Tuliandika wenyewe, lakini usiku ule usingizi haukuja.

Nyumbani tulikuwa tukimwita Bonge. Jina alilianzisha mjomba wake kwa mapenzi, sote tukacheka, na yeye pia alikuwa akicheka. Surat al-Hujurat tunaisoma, na tunajua humo Allah ametukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Lakini tulidhani hayo ni ya watu wanaogombana. Hatukujua kuwa hata jina la mapenzi mtoto anaweza kulibeba mpaka skuli likamrudia kwa njia nyingine. Kwa hiyo dada zetu, kitu cha kwanza kubadilika kwetu kilikuwa ulimi, jikoni kukafuata. Jina lile tulilizika siku ya Idd, na mjomba alitakwa radhi na yeye akataka radhi.

Kosa letu kubwa

Baada ya Idd tukafanya kosa jengine. Tulimuwekea sahani yake peke yake. Kaka zake wakila biriani, yeye kabichi la kuchemsha. Wao chapati, yeye tango. Tulijiona tunamsaidia.

Wiki ya tatu tulikuwa tukifua mkoba wake wa chuo. Chini ya juzuu yake tukakuta karatasi za biskuti na vipande vya kashata vilivyofungwa kwenye gazeti. Alikuwa akinunua kwa pesa anazopewa na kula njiani kabla ya kufika nyumbani. Tulipomuuliza hakubisha. Aliomba msamaha kama aliyeiba, naye yumo ndani ya nyumba ya baba yake. Wallahi tulilia sisi, yeye hakulia. Mtoto hakuwa mlafi. Alikuwa na njaa, na alikuwa na aibu.

Ndipo tukampeleka kituo cha afya, jambo ambalo lilipaswa kuwa la mwanzo. Muuguzi alimpima uzito nyuma ya pazia, akampima urefu ukutani, akatazama chati ya umri wake na ya watoto wa kike. Kisha akatueleza kuwa mtoto anayekua si kama bibi harusi anayetaka kuingia kwenye gauni. Kwa huyu wetu hatukutakiwa kuzikimbiza kilo zishuke, bali uzito uende polepole na urefu uendelee kupanda, mpaka mwili wenyewe ulingane. Akatuuliza: "Nyumbani mnakula nini?" Hakuuliza yeye anakula nini. Tulipomaliza kuhesabu akacheka kidogo, akasema, "Basi mbadilike nyote."

Na kweli, tukapika sufuria moja kwa watu wote saba wa nyumba yetu, baba yao pamoja.

Mafuta

Sisi tunaopima kitambaa mara mbili kabla ya kukata, mafuta tulikuwa tukiyamimina kwa macho. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu 1 ya wanga au protini ina 4. Kijiko kikubwa kimoja tu cha mafuta ni kama kalori 120. Hesabu mchuzi, hesabu chapati, hesabu sambusa, uone siku nzima imepita na vijiko vingapi.

Sasa chupa ya mafuta haifiki jikoni bila kijiko. Mchuzi wa watu saba tunautia vijiko viwili vikubwa. Vitunguu vikianza kushika tunanyunyiza maji, tunafunika, vinalainika vizuri. Ladha tunaitafuta kwenye thomu, tangawizi, bizari, nyanya zilizoiva, ukwaju na ndimu. Hapa kwetu hatuna sababu ya kulia njaa ya ladha, viungo vimejaa Darajani. Dumu la lita 5 lilikuwa halimalizi wiki tatu, sasa linakwenda mwezi na nusu.

Kuku tunamchuna ngozi kabla ya kupika. Changu na vibua tunawachanja, tunawapaka thomu, tangawizi, ndimu na pilipili manga, tunawaacha saa moja, kisha tunawachoma kwenye makaa. Sambusa hatukuziacha. Tunazipaka mafuta kidogo kwa brashi na kuzioka kwa moto wa juu na chini. Hazing'ai kama za kukaanga, hilo tunakubali, lakini haibaki hata moja.

Tahadhari moja. Kupunguza mafuta si kuyafuta. Mwili wa mtoto unayahitaji, na vitamini A, D, E na K haziingii mwilini vizuri bila mafuta. Mtoto aliye chini ya miaka 2 msimpunguzie kabisa.

Nazi

Kumwambia mtu wa visiwani aache nazi ni kama kumwambia ahame. Hatukuiacha. Lakini mafuta ya nazi ni ya aina nzito, ile inayoganda, na sisi tulikuwa na nazi kwenye wali, nazi kwenye mchuzi na nazi kwenye mboga, sahani moja. Tukaweka mpango: chakula kimoja tu chenye nazi kwa siku, na siku nyengine hakuna kabisa. Wali ukiwa wa nazi, samaki ni wa kuchoma na mchicha wa kukaushwa. Maharage yakiwa ya nazi, wali ni mweupe. Na kasimele, lile tui zito la mwanzo, tunaliweka kwa siku za wageni. Siku za kawaida tui jepesi linatosha.

Sahani

Nusu ya sahani mboga na matunda, robo wali au muhogo au ndizi, robo nyengine samaki, kuku, maharage, kunde au choroko. Kwenye sinia ni vigumu kuona robo, kwa hiyo mboga tunaipeleka mezani mwanzo. Watoto wakiwa na njaa wanakula kilichopo, na matembele na bamia yanaisha kabla wali haujafika. Akitaka kuongezwa anaongezwa, ila tunangoja kidogo, tunazungumza, tunakunywa maji, maana tumbo linachelewa kuleta habari kuwa limeshiba. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la kinywaji na la pumzi. Tumeisikia hadithi hii tangu wadogo, tumeanza kuifanyia kazi ukubwani.

Vinywaji

Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vidogo kama vinane au tisa. Juisi za paketi nazo si ndugu wa mbali. Nyumbani tunakunywa maji, na dafu siku likipatikana. Matunda tunayatafuna badala ya kuyasaga: embe, nanasi, chungwa, shokishoki msimu wake ukifika. Chai ina kijiko kimoja cha sukari, ikashuka kutoka vitatu taratibu, nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, wala hakuna aliyegoma. Soda ni ya harusini, na harusini hatumnyimi.

Bibi yao

Mtihani mkubwa haukuwa mtoto, ulikuwa mama mkwe. Bibi yao anawapenda wajukuu zake kwa mkono unaopakua. Alituambia waziwazi: "Mwanangu, mtoto akikonda watu watasema hamumlishi." Na tukitoka kwenda kazini, visheti vinatoka kabatini.

Tulifikiri kumwambia baba watoto azungumze na mama yake, tukaona itakuwa mashitaka. Jioni moja tukaenda tukakaa naye kwenye mkeka, tukamuuliza: "Mama, nyinyi mlipokuwa wadogo asubuhi mlikuwa mkila nini?" Akaanza kuhesabu: muhogo wa kuchemsha, majimbi, viazi vitamu, boga, uji wa mtama. Mandazi? Akasema mandazi ni Ijumaa, au akija mgeni. Nyama? Idd na harusi. Alipofika hapo akanyamaza, akatutazama, akatikisa kichwa: "Kumbe mnataka chakula chetu."

Tangu siku ile asubuhi ni yake. Uji wa mtama au viazi vitamu, yai la kuchemsha, chai. Mandazi ni Ijumaa. Visheti bado viko kabatini, lakini sasa anagawa kimoja kimoja kwa watoto wote, na yeye anakula chake.

Miguu na usingizi

Watoto wa umri wake wanatakiwa wajishughulishe angalau dakika 60 kwa siku. Zamani alikuwa akienda chuo kwa bajaji, sasa anakwenda kwa miguu na binti wa jirani. Baada ya Alasiri wanaruka kamba uani na kucheza nage mpaka wanaitwa. Simu zinalala chumbani kwetu, na yeye analala mapema, kwani mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 mpaka 12 za usingizi, na asiyelala vizuri huamka na njaa ya vitu vitamu.

Ramadhani imerudi

Mwezi mtukufu wa mwaka huu tuliuogopa, kwa sababu futari zetu mnazijua: kachori, bajia, katlesi, sambusa, tambi, mkate wa kumimina, vyote siku moja, kisha tunakwenda Tarawehe tunahema. Tulikubaliana kitu kimoja tu cha kukaanga kwa siku, na watoto wachague kwa zamu. Tulifungua kwa tende na maji na uji, tukaswali Magharibi, ndipo tukakaa kula. Allah ametuhalalishia vizuri na akatukataza israfu, na hata kwa futari ya nyumba moja israfu ipo.

Kwa maharusi wetu

Nyinyi mnaokuja kupimwa dukani mwezi mmoja kabla ya harusi mkisema "shona kiuno kidogo, nitapungua", tunawaomba kwa mapenzi. Msijinyime chakula na msinywe yale majani yanayouzwa bila kujulikana yametoka wapi. Jikoni mwenu bado ni peupe. Anzeni na kijiko cha mafuta siku ya kwanza, na mchukue mapishi ya bibi zenu pamoja na ya kwenye simu. Na watakapokuja watoto, in sha Allah, wasisikie mkiichukia miili yenu mbele ya kioo. Binti yetu alijifunza kubana tumbo kwa kuwaona wateja wetu, na kwa kutuona sisi.

Dukani kwetu pia tumebadilika. Hatutaji tena vipimo kwa sauti. Mwenye futi anaandika mwenyewe na daftari linafungwa.

Wiki iliyopita tulitoa gauni lile la Idd ya mwaka jana. Nguo za watoto huwa tunaziachia pindo la inchi 4, maana mtoto anakua. Tulimvalisha tukamgeuza mbele ya kioo. Si mwembamba, wala hatukuomba awe mwembamba. Kituoni tunakwenda kila miezi mitatu, na muuguzi ameridhika. Pindo lote tulilifumua. Mishono ya ubavuni hatukuigusa.

Tulipoushika urefu kutoka begani mpaka chini, tukataka kuuandika kimya kama tulivyozoea. Akatuzuia.

"Huo utaje, Mama. Kwa nguvu."

Tukautaja, na wasichana wa kazi wakapiga vigelegele.

Allah atuhifadhie watoto wetu, ailinde miili yao na nyoyo zao, na atujaalie tuwe walezi wenye huruma. Amin.