Natalia Vodianova: Alikuwa dada wa Oksana kabla ya kuwa mwanamitindo

Kabla picha zake hazijapamba majarida ya mitindo, Natalia Vodianova alikuwa muuza matunda. Alizaliwa mwaka 1982 Gorky, mji wa viwanda kando ya Mto Volga nchini Urusi, ambao leo unaitwa Nizhny Novgorod. Baba aliondoka mtoto akiwa bado mdogo sana. Mama yake, Larisa, hatimaye akabaki na mabinti watatu wa kulisha, akifanya kazi hii na ile ili siku ipite. Natalia alipofika miaka 11 hivi, tayari alikuwa anasimama barabarani na mama kuuza matunda.

Lakini umaskini peke yake hauelezi maisha ya nyumba ile. Mdogo wake, Oksana, alizaliwa na mtindio wa ubongo, na pia ana usonji. Mtindio wa ubongo hauambukizi, na si laana. Hutokea pale ubongo unapodhurika au kutokua sawasawa kabla ya mtoto kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, na humfanya ashindwe kuutawala mwili wake vizuri. Majirani kunong'ona na watoto kukimbia si dalili za ugonjwa huo. Hayo huletwa na watu.

Katika Urusi ya miaka ile, mzazi wa mtoto wa namna hii mara nyingi alishauriwa amwache kwenye kituo cha serikali, aendelee na maisha yake. Wengi walikubali, na si haki kuwahukumu, maana hakukuwa na msaada wowote wa maana kwa aliyekataa. Larisa alikataa. Gharama ya kukataa ikawaangukia wote, kwa sababu mama akienda kutafuta riziki, wa kubaki na Oksana ni dada yake. Natalia amesimulia hadharani jinsi familia yao ilivyotengwa, na jinsi alivyokua bila marafiki wa kucheza nao.

Sehemu inayofuata ndiyo magazeti huipenda zaidi: binti mrembo anaingia shule ya wanamitindo, anaambiwa ajifunze Kiingereza ndani ya miezi mitatu, na akiwa na miaka 17 anahamia Paris. Baada ya hapo ni Gucci, Calvin Klein na fedha ambazo nyumbani kwao hazikuwahi kuonekana.

Septemba 2004, magaidi waliteka shule huko Beslan, kusini mwa Urusi. Watu zaidi ya 330 waliuawa, zaidi ya nusu yao wakiwa watoto. Natalia, ambaye wakati huo alikuwa mama mwenyewe, alijiuliza watoto walionusurika watasahau vipi, hata kwa saa moja. Jibu alilolipata lilikuwa mchezo. Mwaka huohuo akaanzisha taasisi ya Naked Heart Foundation, na uwanja wake wa kwanza wa michezo ya watoto ukafunguliwa mwaka 2006 mjini kwao, Nizhny Novgorod. Baadaye viwanja hivyo vilipita 100.

Fedha zilitoka kulekule alikofanya kazi. Aliwaomba wabunifu wakubwa wa mavazi watoe magauni yakapigwe mnada, akaandaa tafrija za matajiri zilizoitwa Love Ball. Mojawapo, mwaka 2011, ilifanyika nyumbani kwa Valentino nje ya Paris. Alikimbia pia nusu marathoni jijini Paris kuchangisha. Kuna watakaoguna wakisikia champeni inanyweka usiku kucha kwa jina la watoto maskini. Waache wagune. Mtoto anayebembea hajui bembea ilinunuliwa kwa gauni la nani.

Swali gumu zaidi lilikuwa jingine: bembea inamsaidia nini Larisa? Mama mwenye mtoto kama Oksana anahitaji mtaalamu wa kumwelekeza, mwalimu asiyemkimbia mtoto, na mtu wa kumshikia mwanawe walau apumue. Ndiyo maana tangu mwaka 2011 taasisi iligeukia pia familia zenyewe, kwa huduma za bure kwa wazazi wa watoto wenye mahitaji maalumu na mafunzo kwa wataalamu wa usonji. Lengo ni kumfikia mzazi kabla hajafika mahali pa kumwacha mtoto kituoni. Kwa maneno mengine, Natalia alikuwa ameanza kulipia kile ambacho mama yake hakukipata.

Agosti 2015, Oksana, sasa mtu mzima wa miaka 27, alipelekwa na mlezi wake matembezini, wakaingia kwenye mgahawa mmoja mjini kwao. Wakaambiwa watoke, kwamba anafukuza wateja. Mlezi akampigia simu mama. Larisa alipofika kumtetea binti yake, mambo yakaishia kituo cha polisi.

Natalia aliyaandika yote kwenye ukurasa wake wa Facebook, na habari ikatikisa Urusi nzima, hadi vyombo vya uchunguzi vikafungua jalada. Katika maelezo yake alisisitiza kuwa kisa hicho si cha pekee, kwamba familia zenye watoto kama Oksana huishi hivyo kila siku. Ni katika mji uleule alikojenga uwanja wa kwanza, miaka tisa kabla.