Chini ya Kisanduku



Safari hii sitaandika juu ya masomo ya Dominika. Nataka kuwaeleza kazi ya Jumamosi moja katika garaji, nami nawaomba mnivumilie nikitaja bisibisi na skurubu, kwa kuwa bila hizo habari yenyewe haieleweki.

Gari la chama chetu ni RAV4 ya zamani yenye usukani upande wa kuume, kama yalivyo magari mengi ya hapa Lubumbashi: yalitumika kwanza Japani, yakashushwa Dar es Salaam, yakavuka Zambia na kuingia kwetu kwa mpaka wa Kasumbalesa. Konsoli ni kile kisanduku cha plastiki kilicho kati ya viti viwili vya mbele, kinachozunguka breki ya mkono. Ndimo tunamowekea simu, rozari na karatasi za barabarani. Cha kwetu kilikuwa kimepasuka kwenye pembe ya chini na kifuniko kilikuwa kimeng'oka. Ufa ule niliuona kwa muda mrefu, nikaufunika kwa kipande cha kapeti.

Miaka miwili kabla ya Jumamosi hiyo tulirudi usiku kutoka kwenye mkutano wa vijana katika parokia ya mbali. Mweka hazina wa kundi, kijana wa miaka kumi na tisa, alikaa kando yangu. Siku ya pili nilimwuliza michango iko wapi. Akanijibu: "Baba Katekista, nilikuwekea kisandukuni, ukasema vema." Nikatafuta kisandukuni, chini ya viti, chini ya mikeka ya miguu. Hapakuwa na kitu.

Sikumshitaki, na hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Sikumwita mwizi, wala sikumpeleka kwa paroko. Nililipa fedha zile kutoka katika mshahara wangu, na kusema kweli nilijiona mtu mwema sana. Ila mwaka uliofuata, jina lake lilipotajwa tena katika uchaguzi, nilitazama chini nikanyamaza. Wote waliokuwamo walielewa kunyamaza kwangu. Akachaguliwa mwingine. Baada ya Pasaka kijana akaacha kwaya, na baadaye nikasikia kwamba anajifunza ufundi wa magari.

Mwaka huu nilinunua konsoli iliyotumika sokoni kwenye vipuri. Fundi niliyemzoea alikuwa na kazi nyingi, akaniambia: "Nina kijana hapa, mikono yake ni mizuri." Akamwita. Alikuwa yeye.

Alinisalimu kwa heshima, akaanza kazi. Alizuia magurudumu kwa mawe, maana breki ya mkono ingepandishwa na kushushwa mara nyingi. Akafungua waya hasi wa betri. Akazungusha kitasa cha gia mpaka kikatoka, kisha akainua pambo linalozunguka gia kwa kisu alichokizungushia kitambaa, polepole, kwa sababu plastiki ya zamani iliyokaa juani huvunjika kama biskuti. Akachomoa waya za kiwashio cha sigara. Akasukuma viti mbele ili apate skurubu za nyuma, akavirudisha nyuma apate za mbele. Mbili za mwisho zilikuwa ndani ya kisanduku chenyewe, chini ya kapeti langu. Aliliondoa, akautazama ufa muda kidogo. Kisha akapandisha breki ya mkono, akainua kisanduku kuanzia nyuma, akakitoa chote.

Kwenye sakafu ya gari, kando ya waya wa breki, palikuwa na vumbi, karanga, kalamu moja, na bahasha. Juu yake palikuwa na mwandiko wake: jina la kundi, tarehe, jumla ya fedha.

Aliipuliza vumbi, akaiweka juu ya kiti cha dereva, mbele yangu. Hakusema neno. Akachukua konsoli niliyoinunua, akaipima mahali pake, akasema: "Baba, hii imetoka kwenye gari la usukani wa kushoto. Tundu la breki liko upande mwingine. Lazima nilikate." Akaenda kutafuta msumeno mdogo.

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanaojitayarisha kwa Kipaimara namba 2477 ya Katekisimu ya Kanisa Katoliki: anayemsadiki jirani yake kuwa na kosa bila msingi wa kutosha, hata kimyakimya, ana hatia ya hukumu ya haraka. Hilo neno la kimyakimya nilizoea kulisoma bila kusimama. Na namba 2487 husema kwamba kosa dhidi ya ukweli hudai malipizi hata kama mkosaji amekwisha kusamehewa.

Aliporudi nilimwomba msamaha. Nilisema vibaya, kwa maneno mengi kupita kiasi, kama tunavyofanya sisi walimu. Aliendelea kukata. Mwishowe akasema: "Mimi nimekusikia, Baba. Lakini wale wengine hawapo hapa."

Basi Dominika iliyofuata, baada ya misa, nilisimama mbele ya kundi na bahasha mkononi. Nilieleza yote, pamoja na kunyamaza kwangu siku ya uchaguzi. Wawili kati ya wakubwa walilia. Walikuwa wamemcheka njiani. Mweka hazina wa sasa alileta daftari la mwaka ule. Kwenye mstari wa mchango huo mwandiko wangu ulisema: "Umepotea. Umelipwa na katekista." Nikaufuta kwa mstari mmoja, nikaandika: "Ulitolewa siku ile ile. Katekista hakutafuta vizuri." Nikatia sahihi. Daftari nikampelekea garajini alisome. Alilisoma mara mbili.

Hajarudi kwenye kwaya. Konsoli inakaa vizuri upande wa dereva, ila upande wa abiria kibanio kimoja hakishiki, na bado inalia penye mashimo. Ameniambia nilete gari Jumamosi ijayo, amepata kibanio kingine.