Wakala wa Bima: Duka la Kila Kitu au Fundi wa Kazi Moja?



Bima imekwishaingia katika nyumba zetu hapa Maskati, tupende tusipende. Gari haliruhusiwi kutembea barabarani bila ya bima, na safari ya kwenda kuwaona wazee siku hizi nayo ina bima yake. Na wengi wetu hatuifuati bima ofisini, bali twainunua kwa kijana tunayemjua, mtoto wa jamaa au jirani, anayetujia jioni na karatasi zake mkononi.

Mpwa wangu ni mmoja wa vijana hao. Ameanza kazi hii mwaka huu, naye ameniuliza suala ambalo nimeona lafaa tulitazame sote, kwa kuwa latuhusu sisi wanunuzi kuliko hata yeye muuzaji. Je, wakala ashike aina moja ya bima na kuijua barabara, au auze zote: ya gari, ya nyumba, ya afya, ya maisha na ya safari?

Yeye mwenyewe ameelemea upande wa kuuza zote, na hoja zake si za kupuuzwa. Aliniambia: "Mjomba, bima ya gari haihitaji kumshawishi mtu, maana sheria imekwishamshawishi. Lakini pato lake ni dogo, na kila mwaka mteja huhamia penye bei nafuu. Nikiwa na bima zote, nyumba chache zitanitosha, nami nitazijua vizuri." Akaongeza kwamba bibi mtu mzima asiyezoea makaratasi hapendi kufunguliwa mlango na mawakala watano, amtaka mmoja anayemwamini. Hapo kasema kweli.

Lakini bima si mchele. Mchele mbaya hujulikana siku hiyo hiyo ukishapikwa. Bima hununuliwa leo, na ubaya wake haujulikani mpaka siku ya msiba, wakati ambapo haibadilishiki tena. Kwa hiyo mnunuzi hana mizani nyingine ila ujuzi na uaminifu wa yule aliyemuuzia.

Tuchukue gari. Kimbunga Gonu kilitupiga Juni 2007, na Shaheen kikaipiga pwani ya Batina Oktoba 2021. Baada ya Shaheen jamaa yetu mmoja wa huko alilikuta gari lake limejaa tope hadi kwenye viti. Alikuwa na bima kubwa, si ile ndogo ya kumlipa mtu wa tatu peke yake, basi akaona salama. Kumbe katika mkataba wake mafuriko yalikuwa ni nyongeza ya kulipiwa mbali, na wakala wake hakupata kumtajia. Simdhanii wakala yule udanganyifu. Alikuwa akiuza aina sita za bima, na hiyo nyongeza hakuijua.

Tuchukue safari. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar imewalazimisha wageni kutoka nje kununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, kwa dola 44 za Kimarekani kwa mtu mzima, na bima iliyonunuliwa kwengine haisimami mahali pake. Wakala anayeishughulikia safari kila siku atakueleza haya kabla hujafunga sanduku. Asiyejua atakuuzia yake, kisha ukalipe tena ya pili.

Zito zaidi ni la maisha na mauti. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1985 liliamua kwamba bima ya kibiashara ina gharar kubwa, na likaelekeza kwenye bima ya ushirikiano, ambayo watu huchangiana na kusaidiana. Hapa Oman takaful ilipata sheria yake kwa Amri ya Kifalme namba 11 ya mwaka 2016. Sasa mjane anapopewa fedha kwa sababu jina lake limeandikwa katika mkataba, je, fedha hizo ni zake peke yake, au ni amana ya kuwagawia warithi kwa mujibu wa faraidhi? Wakala wa kweli ataujua mkataba wake unasemaje, na ataijua nukta ambayo lazima akupeleke kwa wanazuoni. Anayeuza bima ya maisha kati ya ya gari na ya moto huenda asiwe hata na habari kwamba lipo suala. Na kosa hapa haliharibu gari. Laweza kuwagombanisha ndugu wa tumbo moja.

Kwa hiyo nilimjibu mpwa wangu hivi. Anza na moja, nayo ni ya gari, kwa kuwa ndiyo yenye wateja wengi na ajali nyingi, na ajali ndiyo skuli ya wakala. Wasindikize wateja wako katika kudai fidia, uone kampuni inalipa nini na inakataa nini, na kwa neno gani la mkataba. Ukishaimudu, ongeza ya jirani yake, kama ile ya nyumba. Zilizobaki, mpeleke mteja kwa mjuzi wake, tena waziwazi. Yule bibi atabaki na mtu wake mmoja wa kumwamini, maana kumwongoza mtu kwa mwenye ujuzi nako ni kumhudumia. Pato litachelewa, sikumficha. Lakini katika jamaa ndogo kama yetu, mjane mmoja aliyeachwa njiani husimuliwa katika kila harusi na kila hitima.

Nasi wanunuzi tuna wajibu wetu. Tusinunue kwa haya, eti kwa kuwa kijana ni wa nyumbani. Tumuulize kwa upole: Katika bima hii, ni mambo gani hayalipwi? Umepata kumsimamia mteja akadai fidia ya aina hii, na ilikwendaje? Wewe wapata nini kwa kuniuzia hii badala ya ile? Na lipi usilolijua, unipeleke kwa nani? Akijibu suala la mwisho bila ya kuona aibu, mwekeni karibu. Akisema kwamba yote anayajua, mpeni chai, mshukuruni, na karatasi zake msizitie saini usiku huo.

Wabillahi tawfiq.