Petu, Yangu na Maandishi ya Njano

Ukumbi huu umezoea kuwanyooshea wengine kidole: mawaziri, wakuu wa vyuo, wahariri, na wakati mwingine wanaharakati wenzetu. Leo kosa ni langu mwenyewe. Nililitenda katika kibanda cha chai karibu na stendi ya Msamvu, nikiwa na simu mkononi, kwa muda usiofika nusu saa.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, mbele ya Mkuyuni, kwenye barabara iendayo Matombo. Kijiji chenyewe sitakitaja. Nilikwenda kwa ajili ya mita sitini. Walio katika utumishi wa umma wanakifahamu kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kinachokataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vingine vya maji. Sina ugomvi na nia ya kifungu hicho. Maji ya Mto Ruvu, ambayo Dar es Salaam inayategemea, hutoka kwa sehemu kubwa katika milima hii. Lakini kwa mkulima wa Uluguru, ambaye migomba, mihogo na viungo vyake vimejibanza kwenye kibonde kando ya kijito, kifungu hichohicho kinaweza kuondoka na nusu ya shamba.

Mama niliyemrekodi ni mtu mzima, mwenye wajukuu. Alikubali kurekodiwa, akajifunga khanga vizuri, akazungumza kwa dakika nne na nusu, akichanganya Kiluguru na Kiswahili. Katikati ya mazungumzo alisema hivi, na ninayanukuu maneno yake kama yalivyo kwenye simu yangu: "Hapa ni petu, mwalimu. Mama yangu kalima hapa, na bibi yangu kalima hapa. Mimi siondoki mpaka nionyeshwe kamba inapimwaje. Inalazwa kwenye mteremko, au inanyooshwa juu juu?"

Nilipofika Msamvu nilifungua CapCut, programu ambayo wanafunzi wangu walinifundisha kuitumia. Wasioijua niwaeleze kwa ufupi. Unaingiza video, inajipanga chini ya skrini kama utepe mrefu wa picha ndogo ndogo. Unagusa sehemu ya maandishi, unaandika, na maneno yanatokea katikati ya picha. Unaweza kuyasogeza kwa kidole, kuyakuza kwa vidole viwili, kuchagua fonti, kuyapa rangi, ukingo, kivuli, au kisanduku cha nyuma. Chini, maandishi hayo yanakuwa na utepe wake. Ukiuvuta mwisho wake yanakaa muda mrefu zaidi, ukiusukuma yanatoweka upesi. Ni kazi rahisi, na ina utamu wake. Mtu aliyezoea kuhangaika na makala za kitaaluma zenye tanbihi mia moja anapata raha ya ajabu kuona neno likiingia kwenye skrini kwa kuruka.

Tatizo la kwanza lilikuwa la lugha yetu. Wanaotengeneza maandishi ya filamu wana desturi ya zamani kwamba mistari miwili iliyojaa ikae kwenye skrini kwa takriban sekunde sita, ili mtu wa kawaida aweze kuisoma. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. "Hawakutushirikisha" ni neno moja lenye herufi kumi na nane, na katika video iliyosimama wima, kama zinavyotazamwa kwenye simu, neno hilo peke yake linajaza mstari ukitaka lisomeke. Maneno ya yule mama yalinilazimu kutumia skrini nne au tano. Nami nilitaka moja.

Basi nikakata. Nikaandika kwa herufi kubwa, njano yenye ukingo mweusi: ARDHI HII NI YANGU. SIONDOKI.

Nikayaweka kifuani pake, nikayapa sekunde tatu, nikakata video yote ikabaki chini ya dakika moja, nikaisambaza kabla chai haijapoa. Ilipendwa. Rafiki mmoja aliye katika harakati za haki za wanawake alinipigia simu kutoka Dodoma akisema hiyo ndiyo sauti aliyokuwa akiitafuta: mwanamke wa kijijini anayesema "yangu" bila kuomba radhi. Nilivimba kichwa, sitaficha.

Siku ya tano nilipigiwa simu na yule mama. Hakugomba. Alinisalimia, akauliza habari za nyumbani kwangu, kisha akasema, "Mwalimu, mjomba ameita kikao. Anasema nimejipa shamba la lukolo."

Msomaji asiyeufahamu utaratibu wa Waluguru anahitaji maelezo hapa. Waluguru hufuata upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ukoo huo, lukolo, ndio wenye ardhi; mtu hulima kwa sababu ni wa lukolo, na mjomba ndiye mwenye sauti katika mambo hayo. Mwanamke hapati shamba kwa hisani ya mume. Analipata kwa kuzaliwa, kupitia mama yake na bibi yake, na ndiyo maana yule mama aliwataja wote wawili katika sentensi ileile niliyoikata. Kusema hadharani "ardhi hii ni yangu" ni kujitoa katika mnyororo huo, na kuwaambia ndugu, wakiwemo dada zake na watoto wao, kwamba hawana chao. Mpwa mmoja aliye Dar es Salaam ndiye aliyeiona na kuituma kijijini. Hakutuma video. Alituma picha ya skrini. Katika picha ya skrini hakuna sauti: kuna mama aliyefungua mdomo, na maneno yangu ya njano kifuani pake.

Hakusema "yangu". Alisema "petu". Ninafundisha kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiswahili, na ilinichukua siku tano kuusikia umbali ulio kati ya maneno hayo mawili. "Yangu" inafuata ngeli ya ardhi, kitu kinachoweza kushikwa, kuuzwa, kurithiwa, kunyang'anywa. "Petu" inafuata ngeli ya mahali. Anayesema "hapa ni petu" hadai kumiliki kitu. Anaeleza ni wapi wao wanapopatikana, kama mtu anavyosema "kwetu". Na ni "-etu", si "-angu". Kwa kubadilisha neno moja nilibadilisha mambo mawili: mahali pakawa mali, na ukoo ukawa mtu mmoja. Kisha nikaweka nukta baada ya "siondoki", wakati yeye alikuwa amesema "siondoki mpaka". Mwanamke aliyekuwa akiomba kuonyeshwa kipimo nikamgeuza mkaidi anayekataa sheria.

Rafiki yangu wa Dodoma alipopata habari hizo alinibishia, na hoja yake haikuwa nyepesi. Alisema kwamba "petu" mara nyingi ndilo neno linalotumiwa kumnyamazisha mwanamke, kwa kuwa ndani ya "sisi" huyo mwenye kusema ni mwanamume, awe mjomba au mume. Ni kweli kwa sehemu nyingi za nchi yetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ilibatilisha mila zinazowanyima wanawake ardhi kwa sababu hiyohiyo. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu haki ya kimila kumilikiwa na mtu mmoja, familia au kundi. Haikumlazimisha yeyote kusema "yangu". Kama yule mama angetaka kupambana na mjomba wake, huo ungekuwa uamuzi wake, kwa wakati wake. Mimi nilimpeleka vitani nikiwa Msamvu, bila yeye kujua.

Nimejiuliza kwa nini kosa hili lilikuwa rahisi hivyo. Katika nchi hii, kuwekea watu maneno juu ya picha zao si jambo jipya. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la Waingereza la kutengeneza filamu za kuelimisha Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri, huko Usambara. Wenyeji waliigiza mbele ya kamera kuhusu safura, kilimo na kuweka akiba, nayo maelezo yakarekodiwa kando kwenye santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine, ili kila wilaya isikie ya kwake. Mtu wa kwenye picha alifanya, na mwingine akasema alichofanya. Baadaye, katika mabanda yetu ya video, alikuja Lufufu na wenzake, wakifasiri filamu za Hong Kong na Marekani kwa sauti, wakiongeza utani wao na hata majina ya mitaa ya Dar es Salaam. Lufufu alikuwa huru mno na matini, lakini hakumdanganya mtu. Kila mtazamaji alijua hiyo ni sauti ya Lufufu, si ya Bruce Lee. Maandishi ya kwenye simu hayana sauti ya mwandishi. Yanasimama kifuani pa mtu kana kwamba yametoka kinywani mwake, na wengi wetu hutazama bila sauti, ofisini, kwenye daladala, au kitandani wengine wakiwa wamelala. Kwa watazamaji hao yule mama hakuwahi kusema "petu".

Na yote haya katika milima ambayo imekwisha kusemewa sana! Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, kwa jina la kuhifadhi udongo. Ilipofika Julai 1955 watu walikataa huko Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mwaka 1960 Roland Young na Henry Fosbrooke walitoa kitabu kuhusu ardhi na siasa za Waluguru. Toleo la Uingereza lilibeba jina la namna hiyo, ardhi na siasa. Toleo la Marekani la kitabu hichohicho likaitwa kwa maana ya "moshi milimani". Nilipokuwa mwanafunzi niliona ni jambo la kuchekesha. Sasa naona kwamba mchapishaji wa Marekani alifanya nilichofanya mimi: alichagua maandishi ya njano.

Nilirudi kijijini Jumamosi iliyofuata. Nilimwomba radhi mama, kisha mjomba, mbele ya ndugu waliokuwepo, nikawachezea video nzima ya dakika nne na nusu ili wasikie alichosema. Mjomba aliomba irudiwe pale penye "petu" mara tatu. Kikao hakikuisha siku hiyo, na sitajifanya kwamba kila aliyeondoka aliondoka ameridhika. Kuna binamu ambaye bado anaamini kwamba pasipo moto hapafuki moshi. Angalau shauri halikufika Baraza la Ardhi la Kijiji.

Jioni tulikaa na yule mama chini ya mwembe, tukaihariri upya pamoja. Nilimpa simu. Alivaa miwani, akaniambia rangi ya njano inamchosha macho, tukaweka nyeupe yenye kisanduku cheusi chepesi. Akaniambia maneno yamemziba khanga, tukayashusha chini. Pale alipozungumza Kiluguru, programu haikuwa na la kutusaidia, hivyo yeye alitafsiri na mimi nikaandika, sentensi moja moja, naye akikataa karibu nusu ya tafsiri zangu. Skrini moja ya kwanza ikawa skrini tano. Video ikawa ya dakika tatu, ambazo kwa walimwengu wa sasa ni sawa na hotuba ya bajeti. Nimeisambaza mahali pale pale niliposambaza ya kwanza, na waliotazama ni wachache mno. Ile ya zamani niliifuta kwangu, lakini wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alinitumia picha yake ya skrini, akiniuliza kama namfahamu huyu mama shujaa.

Katika video mpya lipo swali ambalo mara ya kwanza nililitupa kwa sababu halikuwa na mvuto: kamba inalazwa kwenye mteremko, au inanyooshwa juu juu? Nimelifanyia hesabu. Kwenye mteremko wa nyuzi 35, na pale kwao si ajabu, mita 60 zinazopimwa kwa kulaza kamba ardhini ni takriban mita 49 kwa usawa. Zikipimwa kwa usawa, kama ramani zinavyopima, kamba ya ardhini itakwenda takriban mita 73. Tofauti ni mita 13 za mteremko. Nimepima kwa hatua zangu mwenyewe: ndani ya mita hizo 13 ipo migomba yake yote, na mdalasini alioupanda mama yake.

Wapo maofisa wanaosoma ukurasa huu. Swali liko sekunde ya 96, kwa herufi nyeupe, mistari miwili, na tumeliacha likae sekunde saba.