Ndege Zisizorudi

Kaka yangu anatengeneza simu kwenye kibanda cha mbao karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Ana taa ya mezani, miwani ya kukuzia, vibanio vitatu vyenye ncha kama sindano, na kopo la soda alilolikata katikati ili kuwekea skrubu. Nilipomwekea mezani boksi kuukuu lenye picha ya ndege, alilitazama, kisha akanitazama mimi.

"Dogo, umeacha shule unauza midoli?"

Ndani ya boksi mlikuwa na zaidi ya vipande mia moja vya plastiki ya kijivu, vikiwa bado vimeshikamana na fremu zake. Vikiunganishwa vingetoa B-17, ndege ya Kimarekani ya kudondosha mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili, iliyopunguzwa mara 72. Ndege yenyewe ilikuwa na zaidi ya mita 31 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya pili. Yetu ingekuwa na sentimita 44. Mwalimu wangu mmoja alikuwa amestaafu na anahama nyumba, akanipa boksi hilo aliposikia mada yangu ya semina. Nasoma uzamili wa takwimu, na mada yangu ilikuwa Abraham Wald.

Wald alikuwa mwanahisabati Myahudi, aliyezaliwa mwaka 1902 katika mji ambao leo uko Romania. Mwaka 1938, Wanazi walipokwisha kuichukua Austria alikokuwa akifanya kazi, alikimbilia Marekani. Wakati wa vita alikuwa katika kundi la wanatakwimu pale Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Swali mojawapo lililoletwa mezani kwao lilihusu ndege zilizokuwa zikirudi zimetobolewa kwa risasi. Chuma cha kukinga ni kizito, huwezi kuivika ndege nzima ikaruka. Sasa kiwekwe wapi?

Madarasani kisa husimuliwa hivi: wakubwa wa jeshi walitaka kuimarisha palipojaa matundu, yaani kwenye mabawa na kiwiliwili. Wald akasema hapana, imarisheni pale pasipo na matundu, kwenye injini. Ndege zilizopigwa huko hazikurudi kuhesabiwa. Maandishi yake ya mwaka 1943 hayana mbwembwe hizo; ni hesabu kavu. Katika mfano wake mmoja ndege 400 zinatoka, 380 zinarudi, na kati ya zilizorudi, 320 hazina hata tundu moja. Kazi yote ni kukisia kilichozipata zile 20.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Niunde ndege, niitoboe mabawa na mkia kwa sindano ya moto, niiweke mbele ya darasa na kuuliza: chuma kiende wapi? Tatizo ni mikono yangu. Kipande cha kwanza nilikikata kwa wembe nikakivunja. Ndiyo maana nikapanda basi la Morogoro.

Tulifanya kazi jioni nne, wateja walipopungua. Kaka hakusoma maelekezo. Alitazama michoro tu. Alinifundisha kukata mbali na kipande halafu kusawazisha kwa msasa kidogo kidogo, kupaka gundi kwa ncha ya kijiti, na kuzibana nusu mbili za kiwiliwili kwa mipira ya kufungia noti hadi asubuhi. Kosa lake lilikuwa moja. Gundi ya plastiki ilipokwisha alitumia supaglu kubandika kioo cha pua, na mvuke wake ukakifanya kioo cheupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Alikisugua kwa dawa ya meno karibu nusu saa. Kilitakata, ila si chote.

Ukiunda ndege kipande kwa kipande unajua watu walikaa wapi. Marubani wawili mbele. Mlenga mabomu puani, nyuma ya kioo kile. Chini ya tumbo kuna chumba cha duara, na ndani yake mpiga bunduki aliyejikunja, magoti juu, akitazama ardhi kilomita kadhaa chini yake. Kaka alimgeuzageuza mtu huyo kwenye kibanio.

"Huyu anatokaje?"

Nikamwambia alitoka kwa kukizungusha chumba hadi mlango wake uelekee ndani ya ndege. Mtambo ukiharibika, alihitaji wenzake wamzungushe kwa mkono. Kaka alimweka mahali pake na kumfunika.

Nilimsomea niliyokuwa nimeandika. Tarehe 17 Agosti 1943, ndege 376 za aina hii zilitoka Uingereza kwenda kupiga viwanda vya Regensburg na Schweinfurt, Ujerumani. 60 zilipotea. Kila moja ilikuwa na watu kama kumi. Baadhi waliruka kwa miavuli wakatekwa, wengine walikufa.

"Na walioangushiwa mabomu?" akauliza.

Kwenye jedwali la Wald hawamo. Hakuwa ameulizwa habari zao.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sikulisema kwenye semina.

Mwaka uliotangulia nilialikwa kuzungumza kwenye mahafali ya shule yangu ya sekondari. Mada waliyonipa iliandikwa kwenye kitambaa ukumbini: Siri ya Mafanikio. Nikaitoa siri. Nilisema niliamka saa kumi alfajiri, nilisoma kwa kibatari, sikufuata makundi, nilimwomba Mungu. Yote ni kweli. Wazazi walipiga makofi, mwalimu mkuu akanipa mkono. Nikiwa naelekea kwenye gari, msichana wa kidato cha pili akanifuata. Viatu vyake vilikuwa vimeshonwa kwa uzi wa katani.

"Shikamoo dada. Na mimi naamka saa kumi. Mbona nafeli?"

Nilimjibu, "Kaza buti." Nikapanda gari.

Tulianza kidato cha kwanza wanafunzi 112. Tulimaliza 61. Waliokwenda kidato cha tano tulikuwa saba. Sijawahi kusikia mtu akisimama kwenye mahafali akasema: niliamka saa kumi, nikasoma kwa kibatari, nikaacha shule. Watu hao hawaalikwi. Kwa hiyo kila mwaka watoto wale hutazama matundu ya ndege iliyorudi, na kuambiwa watoboe hapo hapo.

Baba alifariki mwaka 2011. Kaka alikuwa kidato cha tatu, mimi darasa la saba. Matokeo yangu yalipotoka kulikuwa na ada, michango, sare, godoro na sanduku la bweni, na hela ya mtu mmoja. Sikumbuki kikao chochote. Ninachokumbuka ni kwamba Januari iliyofuata alilibeba godoro langu kichwani hadi stendi, akampigania kondakta nafasi ya kuliweka, na Jumatatu yake hakuvaa sare. Alikwenda kukaa kwa fundi simu, akiwa wa kutumwa chai. Hisabati alikuwa ananizidi. Mimi nilijifunza kutafuta thamani ya x kwenye daftari lake.

Jioni ya nne rangi ilikuwa imekauka na vibandiko vya nyota tayari vimewekwa mabawani. Nikawasha mshumaa, nikapasha sindano na kuanza kutoboa kama nilivyopanga: bawa la kushoto, mkia, ubavu. Plastiki ilinuka. Kaka alisubiri nimalize.

"Hii imerudi?"

"Imerudi."

Akachukua chuma chake cha kulehemu, kikiwa cha moto, akakizamisha polepole kwenye injini ya tatu hadi kikatokea upande wa pili. Plastiki ilitiririka na kuganda juu ya bawa.

"Hii haikurudi," akasema. "Peleka hii."

Nilikasirika kwanza, kwa sababu aliharibu kazi yetu ya siku nne na mfano wangu haukuwa sahihi tena. Halafu nikashindwa kusema. Nikamuuliza, kama asingeacha shule angekuwa nani. Lilikuwa swali la kijinga na nilikuwa nimechelewa nalo miaka zaidi ya kumi.

"Shika bawa vizuri," alisema. "Pangaboi limelegea."

Semina ilikwenda vizuri. Mwenzangu mmoja aliniambia injini yangu imekosewa, maana ndege yenye tundu hilo isingekuwepo tuione. Nilimwambia ndiyo. Nikamalizia kwa kifo cha Wald mwenyewe: mwaka 1950 alikuwa India kwa mihadhara, ndege aliyopanda na mkewe ikaanguka katika milima ya Nilgiri. Ndugu zake wengi walikuwa wameshauawa na Wanazi Ulaya.

Mwaka huu shule ilinialika tena. Nilimwomba Kaka twende wote, akasema hawezi kufunga kibanda Jumamosi. Nikaenda na ndege. Nilisema tulianza 112, tukamaliza 61, na nikasema ni nani aliyelipa, na alilipa kwa nini. Makofi yalikuwa machache kuliko mwaka jana. Wazazi wengine walitazamana.

Baada ya chakula nilimtafuta yule msichana, ambaye sasa angekuwa kidato cha tatu. Nilimweleza mwalimu wa darasa: mrefu kidogo, viatu vimeshonwa kwa uzi wa katani. Akafikiri.

"Wako wengi wenye viatu hivyo," alisema. "Anaitwa nani?"

Sikuwa nimemuuliza.