Pete Huwekwa Mwanzi Unapopinda

Katika Injili zote nne ndoana inatajwa mara moja tu. Ni katika Mathayo sura ya 17, pale watoza kodi ya hekalu walipomfuata Petro huko Kapernaumu, na Bwana akamtuma ziwani kutafuta samaki mmoja ambaye kinywani mwake angekuta fedha ya kuwatosha wote wawili. Penginepo mitume wanavua kwa nyavu. Sisi tunaoishi mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa tunaijua tofauti hiyo. Wavu huvutwa na watu wengi kwa ajili ya samaki wengi. Ndoana ina mshipi mmoja, na aliyeushika anamngoja mmoja. Haya tunayoyaandika yanamhusu mmoja pia.

Sisi ni watu watano wa usharika mmoja wa KKKT, Dayosisi ya Konde, upande wa Matema. Mmoja wetu ni mchungaji, naye ndiye aliyeshika kalamu. Wengine ni mzee wa kanisa aliyevua ziwa hili tangu ujana wake, fundi baiskeli, mama mshonaji, na kijana ambaye habari zake zinafuata. Kila Jumamosi, soko la Lyulilo likiisha na Wakisi waliokuja na vyungu vyao wakianza safari ya kurudi Ikombe, tunakutana nyuma ya nyumba ya mchungaji kutengeneza mianzi ya kuvulia.

Wavuvi wa huku kwa kawaida hawahitaji mwanzi. Wana mitumbwi na nyavu, na usiku wana taa za kuvulia dagaa, ambao wengine tunawaita usipa. Mwanzi ni wa watoto wanaovua perege kwenye vijito. Tulianza kazi hii kwa ajili ya kijana wetu. Mwaka juzi, majira ya mwera, mtumbwi aliokuwamo pamoja na kaka yake ulipinduka. Ziwa letu lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na mwera unaovuma kutoka kusini kati ya Mei na Agosti unayo maji hayo yote ya kukusanyia mawimbi kabla ya kutufikia. Kijana alifika ufukweni akiwa ameng'ang'ania mtumbwi uliopinduka. Kaka yake alipatikana siku ya tatu. Tangu siku ile hajaingia tena mtumbwini. Nyumbani ana mama yake, shemeji yake na watoto wawili wa marehemu, na kazi pekee aliyojifunza iko majini.

Mzee ndiye aliyetoa wazo. Alisema, "Baba Mchungaji, kama mtoto hawezi kwenda kwenye kina, tumtengenezee kitu kitakachofika kwenye kina yeye akiwa amesimama nchi kavu."

Kwetu jambo hilo linawezekana. Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja ziwani, na kuna miamba ambayo ukisimama juu yake, kina kinaanza hatua chache mbele yako. Tena mvua zikianza, mbasa husogea kwenye midomo ya mito kama Lufilyo na Mbaka, wakijiandaa kupanda kwenda kutaga. Mbasa ni samaki mwenye nguvu, na hufuata chambo kinachokimbia. Ili umpate ukiwa nchi kavu unahitaji mwanzi unaorusha mbali, na usiovunjika akivuta.

Tulipata rili mbili za mitumba, yaani vile vigurudumu vya kuzungushia mshipi. Mianzi tuliitafuta wenyewe, iliyokomaa miaka mitatu au zaidi, tukaikausha kivulini na kuinyoosha kwa moto. Kisha ikaja kazi ya pete. Mshipi ukitoka kwenye rili hupita ndani ya pete zilizofungwa kwenye mwanzi mpaka nchani. Mtu asiyeifahamu kazi hii hudhani pete ni za kuuongoza mshipi tu usipotee njia. Lakini samaki akivuta, ni pete hizo zinazoamua mwanzi utabebaje uzito wake.

Macho hupenda pete zipangwe kwa nafasi sawa. Mwanzi wa namna hiyo ukiuegemeza ukutani unapendeza. Ila ukitaka kujua kama unafaa, lazima uutundikie uzito. Tunafunga pete kwa muda kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, ili ziweze kusogezwa. Tunabana shina la mwanzi kwenye meza, tunapitisha mshipi, na mwisho wake tunaning'iniza chupa ya lita moja iliyojaa maji. Kisha tunatazama kwa ubavuni. Palipo na pete chache mno, mshipi huuacha mkunjo wa mwanzi na kukata njia ya mkato, halafu ukifika kwenye pete inayofuata unapiga kona. Kona hiyo ndiyo hatari. Uzito ambao ungegawanywa kwenye urefu wote unaangukia mahali pamoja, na siku ya samaki mkubwa mwanzi huvunjika hapo.

Basi tunasogeza pete, tunatazama, tunasogeza tena, mpaka mshipi ufuate mkunjo bila kona. Kila mara matokeo ni yale yale: pete zinakaribiana kuelekea nchani, ambako mwanzi ni mwembamba na unapinda sana, na zinaachana kuelekea shina lililo nene. Kwenye mwanzi wa futi nane tunatumia pete tisa, ikiwamo ile ya nchani. Nafasi ya kwanza nchani ni sentimita 10 hivi, kisha zinaongezeka kidogo kidogo hadi karibu sentimita 30. Mtu anaweza kusema, kwa nini msiweke pete nyingi kotekote mkawa salama? Kwa sababu kila pete ina uzito wake, na mwanzi uliolemewa na pete unakuwa mzito wa kurusha na mvivu wa kurudi.

Mawazo haya yalitufuata hadi kwenye kikao cha baraza la wazee. Usharika wetu una ratiba ya kutembelea nyumba, imebandikwa mlangoni mwa ofisi: kila nyumba mara moja kwa robo mwaka, jumuiya moja baada ya nyingine. Ni ratiba ya haki, na ilipangwa na watu wenye nia njema. Mzee wetu alisimama akaomba jambo moja, kwamba ratiba ibaki, lakini nyumba iliyopata msiba wa namna ile itembelewe kila wiki kwa mwaka mzima, kwa zamu, na watu wawili wawili. Alisema kila nyumba ina haki ya pete, ila nafasi kati ya pete haiwezi kuwa sawa, kwa kuwa watu hawapindi sawa.

Wengine walikubali na wengine walisita, na sababu zao hazikuwa za kupuuzwa. Vijijini watu wanahesabu. Mchungaji akiingia nyumba moja mara nne, nyumba tatu za jirani zinajua. Mama mmoja, mjane wa miaka mingi, alituuliza waziwazi tulipopita kwake kwa zamu ya kawaida: "Na mimi nizamishe mtumbwi ndipo mje?"

Swali hilo tulilichukua mpaka Jumamosi, na hatukulimaliza siku hiyo. Fundi baiskeli ndiye aliyetusaidia, akiwa na kazi mkononi. Alisema mwanzi usio na uzito umenyooka wote. Ukiutazama ukiwa umeegemea ukuta huwezi kujua utapinda wapi. Ndivyo walivyo watu wakiwa ibadani Jumapili, wamevaa vizuri na kusimama wima wakati wa kuungama imani. Paulo anawaambia Wagalatia wachukuliane mizigo, na huwezi kuuchukua mzigo ambao hujui umening'inia wapi. Tulirudi kwa yule mama bila kungoja robo mwaka, tukaketi, tukauliza, tukanyamaza. Alikuwa na mengi ya kusema. Sasa na yeye yumo katika zamu, na wengine wawili ambao hatukuwa tumewataja.

Liko jambo la pili ambalo pete zimetufundisha, nalo ni gumu zaidi. Pete haishiki mshipi. Kazi yake ni kuuacha upite bila kuukwaruza. Fundi anazitengeneza kwa spoku za baiskeli, anazikunja na kuzisugua mpaka zing'ae, na kabla hazijafungwa anapitisha pamba ndani ya kila moja. Pamba ikinasa hata unyuzi mmoja, pete hiyo inarudi kwenye msasa, kwa maana mahali panaponasa pamba leo patakata mshipi kesho. Pete ya kwanza karibu na rili inahitaji uangalifu zaidi. Mshipi unatoka kwenye rili ukijiviringa, kwa hiyo pete hiyo ni pana na ina miguu mirefu. Ikiwa karibu mno, miviringo inasongamana na chambo hakifiki mbali. Ikiwa mbali mno, mshipi unapigapiga mwanzi. Hakuna kipimo cha kitabuni kinachotosha hapo. Unarusha mara kumi, unaisogeza, unarusha tena mara kumi.

Siku za kwanza za msiba, nyumbani kwa kijana kila aliyeingia alikuwa na ushauri. Rudi ziwani, hofu itaisha. Nenda Mbeya ukatafute kibarua. Funga na kuomba. Shukuru kwamba wewe umepona. Maneno hayo yalisemwa kwa upendo, na yeye anasema kila moja lilimkwaruza. Kwa hiyo wale wa zamu walikubaliana kwamba hawatatoa ushauri usioombwa. Wanapeleka mchele, chupa ya mafuta ya mawese, au kazi ya mikono, wanaketi, wanasikiliza, wanaomba kwa maneno machache wakikaribishwa kuomba, na wanaondoka. Mara nyingi anazungumza. Siku nyingine hasemi kitu, na hiyo nayo ni ziara.

Hapa pana jambo ambalo bado halijaisha. Kijana wetu hajashiriki Meza ya Bwana tangu mazishi. Anasema hawezi kuitika Amina wakati moyoni ana hasira na Mungu aliyemtoa yeye majini na kumwacha kaka yake. Baadhi ya wazee wanauliza kama imefika wakati wa kumweka chini ya marudi ya kanisa, kwa kuwa ukimya wake unaonekana, na vijana wengine wanamtazama. Hofu yao ni ya kweli, maana mshipi ulioachiwa kabisa nao humpoteza samaki. Hata Luther, katika dibaji ya Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alionya vikali juu ya mtu anayekaa mbali na Sakramenti. Lakini katika dibaji hiyo hiyo anawaambia wachungaji wasimlazimishe mtu yeyote kwa sheria kuiendea. Anataka wahubiri kwa namna ambayo watu wenyewe watawasukuma wachungaji wawape. Sisi tunasoma maonyo yote mawili pamoja, na maoni yetu mbele ya baraza ni kwamba huu si wakati wa marudi. Mtu anayesema na Mungu kwa hasira bado anasema naye. Zaburi zimejaa watu wa namna hiyo.

Tunakiri pia kwamba mfano wetu wa mwanzi una mwisho. Tukikuta mwanzi uliopondeka tunauvunja na kuupeleka jikoni kwa kuni, kwa sababu hakuna uzi wala vanishi itakayourudishia nguvu. Ufundi wetu hauna njia nyingine. Isaya sura ya 42 inamtaja Mtumishi wa Bwana ambaye mwanzi wa namna hiyo hauvunji, na Mathayo anatuambia Mtumishi huyo ni Yesu. Kanisa likijifunza kwa fundi, lijifunze namna ya kupanga pete. Habari ya nani anafaa na nani hafai lisijifunze kwake.

Mvua zilizopita kijana alisimama kwenye miamba na mwanzi wake wa futi nane, na akapata mbasa wa kuuza Lyulilo, wiki nyingine wengi, wiki nyingine hakuna. Watoto wa kaka yake wanasoma. Wazee wawili wasioweza tena kwenda ziwani usiku wameagiza mianzi, na sasa ni yeye anayening'iniza chupa ya maji, anayeinama kutazama kwa ubavuni, na kumwambia mchungaji, "Baba, sogeza hiyo kidogo chini."

Baraza litakaa kabla ya Majilio. Hatujui litaamua nini. Tunawaomba ninyi mnaosoma kitabu hiki katika sharika zenu mtuombee sisi na wazee wetu, na zaidi mumwombee yeye. Ameyasoma haya yote kabla hayajatumwa na kuruhusu yachapishwe, na amesahihisha vipimo viwili vya pete.